Ukurasa wa 4 wa kijitabu nilichokitafsiri

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe jambo nililolisambaza kwa mkono wangu mwenyewe.

Toleo lenu la Jumapili iliyopita lilikuwa na habari ya mkutano wa viongozi wa dini waliokuwa wakizungumzia sheria za ndoa za watu wa jinsia moja. Mmoja wao alinukuliwa akisema kwamba katika nchi zilizopitisha sheria hizo, mchungaji akikataa kuwafungisha ndoa watu wa jinsia moja anatupwa gerezani. Niliitambua sentensi hiyo mara moja, kama fundi anavyolitambua shati alilolishona. Hata mpangilio wa maneno ni wangu. Imo kwenye ukurasa wa 4 wa kijitabu chenye jalada la kijani ambacho nilikitafsiri kutoka Kiingereza miaka 9 iliyopita kwa ombi la kikundi chetu cha maombi. Kilipigwa chapa mara 2. Baadaye mtu akazipiga picha kurasa zote 12 na kijitabu kikaanza kupita kwenye simu za watu, bila jina la aliyekiandika wala la aliyekitafsiri. Sasa kimefika kwenye mikutano ya wakubwa na kimetoka gazetini kama habari.

Nimefundisha shule ya Jumapili kwa miaka 27 na ni mzee wa kanisa. Ninaamini kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Ndivyo nilivyofundishwa, ndivyo ninavyofundisha, na barua hii haina nia ya kutangaza kwamba nimehama. Lakini imani hiyo hainipi ruhusa ya kusema uongo. Amri inayotukataza kumshuhudia jirani uongo haikuwekewa msamaha kwa wanaotetea ndoa.

Aliyenizindua hakuwa mtu wa upande wa pili. Ni mchungaji wetu mstaafu, mzee ambaye kuhusu maana ya ndoa hatupishani hata neno. Mwaka jana alikuja kwenye maombi ya Jumatano na kijitabu mkononi, kimekunjwa kwenye ukurasa huo wa 4. Tulipomaliza alinisubiri mlangoni.

"Mwalimu," akaniambia, "hawa wachungaji waliofungwa ni akina nani? Nataka niwaombee kwa majina."

Sikuwa na jina hata moja. Nilikuwa nimetafsiri kwamba wamefungwa, nimesahihisha chapa, nimegawa nakala kwa mkono, na kwa miaka yote hiyo sikuwahi kujiuliza wanaitwa nani. Nilimwambia nitamtafutia. Nilidhani ni kazi ya jioni moja, ikanichukua miezi.

Jina la kwanza nililolipata ni Åke Green, mchungaji wa Kipentekoste wa Sweden. Mwaka 2003 alitoa mahubiri makali mjini Borgholm dhidi ya mapenzi ya jinsia moja, na mwaka 2004 mahakama ya wilaya ikamhukumu kifungo cha mwezi 1 kwa sheria ya uchochezi dhidi ya kundi la watu. Nilipofika hapo nilifarijika, kwa kuwa nilikuwa na jina la kumpelekea mzee. Kisha nikaendelea kusoma. Mahakama ya rufani ilimfutia hatia Februari 2005, na tarehe 29 Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Sweden ikakubaliana nayo. Kifungo kile hakukitumikia. Halafu nikatazama tarehe nyingine: Sweden ilianza kufungisha ndoa za watu wa jinsia moja Mei 2009. Siku mchungaji yule anapanda mimbarini, sheria ya ndoa ambayo kijitabu changu kilisema ndiyo inayowatia wachungaji matatani ilikuwa haijazaliwa. Kesi yake ilihusu uhuru wa kuhubiri, jambo zito ambalo nami nina maoni makali juu yake, na nilifurahi kwamba alishinda. Haikuhusu kukataa kumfungisha mtu ndoa.

Jina la pili lilikuwa la mwanamke, Kim Davis wa Kentucky, Marekani. Huyu alikaa mahabusu kweli, siku 5, Septemba 2015. Lakini hakuwa mchungaji. Alikuwa karani wa kaunti ya Rowan, aliyechaguliwa kwa kura, na kutoa leseni za ndoa za serikali ilikuwa sehemu ya kazi yake. Mahakama ya Juu ya Marekani ilipoamua tarehe 26 Juni 2015 kwamba majimbo yote yafungishe ndoa za jinsia moja, aliacha kumpa leseni mtu yeyote. Jaji akamwamuru aendelee na kazi, naye hakutii, akawekwa ndani kwa kudharau mahakama. Alisema dhamiri yake ya Kikristo ilimkataza, na simbezi kwa hilo, kwa kuwa dhamiri ni kitu kigumu kukibeba kazini. Hata hivyo, mwenye muhuri wa serikali ni mtu tofauti na mwenye joho la kanisa. Kijitabu kiliwafanya mtu mmoja, nami nikatafsiri hivyo bila kusita.

Kulikuwa pia na Denmark, ambayo kijitabu kilisema "imewalazimisha makasisi". Sheria ya Denmark iliyoanza kutumika tarehe 15 Juni 2012 inaligusa kanisa la Kilutheri la taifa, lililofungamana na dola. Inampa kasisi mmoja mmoja haki ya kukataa. Askofu ndiye anayepaswa kuhakikisha wenzi hao wanapata kasisi mwingine. Mwenzangu wa imani akisema kwamba hapo Bunge liliingia hadi madhabahuni, ana hoja, na ningeandika hivyo ningekuwa nimesema kweli. Niliandika kitu kingine.

Basi nilimrudia mzee na karatasi yenye majina 2, nikamweleza kwa nini hakuna hata moja linalofaa kuingia kwenye maombi yake kwa namna ile aliyotaka. Akanyamaza kidogo. Kisha akanieleza jambo ambalo ningepaswa kulijua, mimi niliyekaa naye kwenye baraza la wazee muda wote huo. Alikuwa na leseni ya kufungisha ndoa kwa miaka 31, na katika miaka hiyo aliwakataa wengi: waliowahi kuachana na wenzi wao wa kwanza, wasiobatizwa, waliogoma kuhudhuria mafundisho ya ndoa. Wote hao sheria ya nchi iliwaruhusu kuoana. Walikwenda kwa msajili wa serikali, wakaandikishwa, wakatoka na cheti. Hakuna aliyerudi na polisi. Padri wa Kikatoliki naye amewakataa walioachana vizazi na vizazi katika nchi ambazo talaka ni halali, na hakuna bunge lililomburuta. Sisi watu wa kanisa ndio tunaojua vizuri kuliko wote kwamba kuna ndoa ya serikali na kuna ndoa ya madhabahuni. Halafu ni sisi tuliowatisha watu kana kwamba ni mlango mmoja.

Baada ya hapo niliacha kusoma vijitabu nikaanza kusoma sheria zenyewe, kwa msaada wa binti mmoja wa kanisani aliyesomea sheria. Canada ilipitisha yake tarehe 20 Julai 2005, na kifungu cha 3 kinasema wazi kwamba viongozi wa makundi ya dini wako huru kukataa kufungisha ndoa zisizopatana na imani yao. Afrika Kusini, katika Sheria namba 17 ya mwaka 2006, mchungaji hawezi hata kuruhusiwa kufungisha ndoa hizo mpaka dhehebu lake lenyewe liombe kwa maandishi. Australia iliwawekea wahudumu wa dini kinga yao Desemba 2017, baada ya wananchi kutoa maoni kwa posta na asilimia 61.6 kukubali. Sheria ya Uingereza na Wales ya mwaka 2013 ndiyo iliyonishangaza zaidi. Humo hakuna anayeweza kulazimishwa, na Kanisa la Anglikana la huko limefungiwa nje kabisa, kiasi kwamba kasisi wake akitaka kufungisha ndoa hiyo kwa taratibu za kanisa lake hawezi. Ulinzi huo ulijulikana kama kufuli 4. Mimi nilikuwa nimeandika kwamba Uingereza makasisi "wamefungwa midomo".

Je, hakuna sheria yoyote duniani inayomtisha mchungaji kwa jela kuhusu ndoa hizi? Ipo, Mhariri, na hili ndilo lililoninyima usingizi. Sheria ya Nigeria iliyotiwa saini Januari 2014 inatoa kifungo cha miaka 10 kwa anayefungisha, anayeshuhudia au anayesaidia ndoa ya jinsia moja, na miaka 14 kwa wanaoingia katika ndoa hiyo. Huko North Carolina, Marekani, baada ya wapigakura kuibadili katiba ya jimbo lao Mei 2012, mchungaji aliyewafungisha watu ndoa bila leseni ya serikali alikuwa anatenda kosa la jinai, na wenzi wa jinsia moja hawakuweza kuipata leseni hiyo. Aprili 2014 dhehebu la United Church of Christ likaenda mahakamani na wachungaji wake kudai uhuru wa dini. Walisema serikali inawazuia kuabudu kama wanavyoamini. Oktoba mwaka huohuo jaji wa shirikisho aliifuta sheria hiyo katika kesi yao.

Siungi mkono mafundisho ya wachungaji wale. Lakini nilipokuwa nikiitafuta jela niliyoiandika, niliikuta upande wa pili wa ukuta.

Hapo ndipo nilipoona kosa jingine la kijitabu, ambalo pia limo katika habari yenu: kusema "dini" kana kwamba ni mtu mmoja mwenye mdomo mmoja. Nataka nikae kidogo kwenye kisa kimoja, kwa kuwa kila aliyewahi kukaa kwenye benchi la kanisa atakielewa. Sheria ya jimbo la Ontario, Canada, inatambua desturi ya zamani ya matangazo ya ndoa: majina ya wanaotaka kuoana yakisomwa kanisani mbele ya waumini bila pingamizi halali, ndoa inaweza kufungwa bila leseni ya serikali. Desemba 2000, mchungaji Brent Hawkes wa Metropolitan Community Church mjini Toronto alianza kusoma matangazo ya wenzi wa jinsia moja, Jumapili kwa Jumapili, kama yanavyosomwa ya wengine. Tarehe 14 Januari 2001 akawafungisha ndoa jozi 2 za wenzi katika ibada, yeye akiwa amevaa fulana ya kuzuia risasi ndani ya joho kwa sababu ya vitisho. Jimbo likakataa kuziandikisha ndoa hizo, kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Rufani ya Ontario, na tarehe 10 Juni 2003 mahakama ikaamuru zitambuliwe. Ibada ile ilitangulia hata kuanza kutumika kwa sheria ya Uholanzi, nchi ya kwanza duniani kupitisha ndoa hizi, tarehe 1 Aprili 2001.

Mtu anaweza kumpinga mchungaji yule kwa kila hoja ya Maandiko, nami ningempinga. Hawezi kusema kwamba jambo hili lilianzishwa Ontario na wasiomjua Mungu ili kuliangamiza kanisa, kama ilivyo kwenye ukurasa wetu wa 5. Lilitoka kwenye matangazo ya Jumapili. Vivyo hivyo Uingereza, Wakweka, dhehebu la Kikristo, waliamua mwaka 2009 kwamba wanataka kufungisha ndoa hizo katika mikutano yao ya ibada, wakaenda kuidai ruhusa serikalini. Afrika Kusini, Kardinali Wilfrid Napier aliwasilisha hoja za kupinga katika Mahakama ya Katiba, huku Askofu Mkuu Desmond Tutu, kutoka ardhi hiyohiyo, akisema wazi mwaka 2013 kwamba hataki mbingu inayowachukia watu wa aina hiyo. Jaji Albie Sachs wa mahakama hiyo, katika uamuzi wa tarehe 1 Desemba 2005, hakuwafukuza watu wa dini katika mjadala. Aliandika kwa heshima juu ya nafasi yao katika maisha ya nchi, kisha akasema kwamba kuheshimu dini ni jambo moja, na kutumia mafundisho ya dini kuitafsiri katiba ni jambo jingine kabisa. Nimeirudia sehemu hiyo mara nyingi. Sikubaliani na kila alichoamua, lakini nilitamani kijitabu chetu kingeandikwa kwa adabu ile.

Yapo mambo ya kweli ambayo mtu wa imani yangu anaweza kuyasema bila kuongeza chumvi, na yanatosha. Mwaka 2006 shirika la Kikatoliki la hisani la Boston liliacha kuwatafutia watoto familia za kuwaasili, kwa sababu sheria ya jimbo haikuliruhusu kuwakataa wenzi wa jinsia moja. Mgogoro wa namna hiyo ulipotokea Philadelphia, Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubaliana na shirika la Kikatoliki mwaka 2021, majaji wote 9 kwa sauti moja. Afrika Kusini, maofisa wa serikali wanaofungisha ndoa waliruhusiwa mwanzoni kukataa kwa sababu ya dhamiri, na ruhusa hiyo ikafutwa mwaka 2020. Haya yana uzito. Yanamgusa karani, muuguzi, mwenye yatima, na jamii ina haki ya kuyajadili kwa kina. Lakini kijitabu hakikuyataja hata moja. Aliyekiandika aliona jela ya mchungaji inatisha zaidi. Mimi niliyetafsiri sikujua lolote kati ya hayo, na sikuuliza.

Sasa nije kwenye ukurasa wa 6, ambao kosa lake ni langu peke yangu.

Kiingereza cha ukurasa ule kilikuwa na maneno ya kawaida kabisa, ambayo Kiswahili chake ni "wenzi wa jinsia moja". Mimi niliandika "walawiti". Niliandika hivyo mara 7, nimezihesabu. Wewe Mhariri unajua neno hilo linaishi wapi katika gazeti lako: linaishi kwenye kurasa za mahakamani, kwenye habari za watu walioharibu watoto. Nililichukua huko nikalibandika kwa watu wazima 2 wanaoomba cheti kwa msajili. Aliyesoma Kiswahili changu hakuhitaji tena hoja yoyote, kwa kuwa neno lilikuwa limeshahukumu. Tena liliwafuta wanawake kabisa, kana kwamba sheria ile haiwahusu.

Siku chache baada ya chapa ya kwanza, kijana aliyekuwa akipiga kinanda cha kwaya yetu alinijia nikiwa ninafunga madirisha ya darasa. Nilimfundisha tangu akiwa na miaka 6. Alinisalimu, "Shikamoo Mwalimu," nikaitikia. Akauliza kama neno la ukurasa wa 6 lilikuwa kwenye Kiingereza au nililichagua mwenyewe. Nilimwambia ukweli, kwamba nililichagua mwenyewe kwa kuwa ndilo watu wanalolielewa. Akasema, "Asante, Mwalimu." Akaweka ufunguo wa kabati la kinanda juu ya meza yangu, akatoka, na hajarudi kanisani kwetu. Sikumfuata. Nilijiambia kwamba vijana siku hizi hawataki kukemewa. Miaka 8 ikapita kabla ya mzee kuniuliza majina ya wachungaji wale, ndipo nikaelewa kwamba kulikuwa na jina moja nililolijua muda wote.

Wapo waliojifunza kabla yangu kwamba mtu anaweza kushikilia fundisho lake na bado akabadili maneno na matendo. Juni 2008 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho lilisomewa barua ya viongozi katika makusanyiko ya California, ikiwaomba waumini watoe mali na muda wao kwa ajili ya kura ya kuzuia ndoa hizo. Walishinda tarehe 4 Novemba kwa asilimia 52, lakini mahakama zikaibatilisha kura ile na ndoa zikarudi Juni 2013. Mwaka 2022 kanisa hilohilo likaunga mkono sheria ya shirikisho inayozitambua ndoa hizo, kwa kuwa ilikuwa na kinga kwa mashirika ya dini, huku likisema fundisho lake halijabadilika. Na Kardinali Jorge Bergoglio, ambaye mwaka 2010 aliwaandikia watawa wa Buenos Aires kwa ukali mkubwa kuhusu muswada wa Argentina, uliopita Seneti Julai ile kwa kura 33 dhidi ya 27, ndiye aliyekuja kusikika mwaka 2020, akiwa Papa Fransisko, akisema kwamba watu hao ni wana wa Mungu wenye haki ya kuwa na familia na wanahitaji sheria ya kiraia ya kuwalinda. Ndoa ya kanisa hakuigusa.

Najua nitaambiwa kwamba haya hayatuhusu sisi, kwa kuwa katiba zetu zimeshasema. Ni kweli: ya Kenya ya 2010, katika ibara ya 45, inampa mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti, na ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005 ikazikataza ndoa za jinsia moja waziwazi. Kama ni hivyo, basi hakuna hata haja ya kutisha. Mwenye katiba upande wake ana nafasi ya kutosha ya kusema kweli.

Ninaomba mambo 2 kwako. Kwanza, msahihishe sentensi ya Jumapili iliyopita, mkisema kwamba chanzo chake ni tafsiri yenye makosa. Mimi nipo tayari kuja ofisini na kijitabu cha asili na sheria zote nilizozitaja hapa. Pili, kiongozi wa dini yeyote, awe wa upande wangu au mwingine, akisema kwamba sheria ya nchi fulani inafanya jambo fulani, mwandishi wenu amuombe namba ya kifungu kabla ya kuchapa. Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Mzee wetu aliniuliza la namna hiyo na sijaacha kumheshimu.

Kwa wasomaji wenye kijitabu cha kijani: kurasa za 4, 5 na 6 zisisomwe tena kwenye vikundi. Nimeziandika upya na kikundi chetu kimekubali kuzipiga chapa. Ukurasa mpya wa 4 una sheria za nchi 5 na vifungu vyake, na ndani yake bado tunasema tunachokiamini kuhusu ndoa, bila jela.

Na kama yule kijana wa kinanda anasoma ukurasa huu wa barua: ulikuwa sahihi kuniuliza. Nimelifuta neno lile mahali pote 7.

Ni mimi,
Mwalimu wa shule ya Jumapili
(Jina na namba yangu ya simu nimekuachia Mhariri)